Nimetunga wimbo wa alonifanyia mume wangu, sasa wataka niuimbe kwenye steji

Somo, asalaam aleikum. Jina langu nifichie, andika tu mie ni wa Likoni. Nina mtoto mmoja wa kike, ana miaka 11, na babake tulishaachana, talaka ninayo na kwa kadhi tulishamaliza, hilo limekwisha. Ambalo halijaisha ni mwili wangu.

Huyo bwana alikuwa akitaka kunipiga ainuka kwanza, aenda kwenye redio, aongeza sauti. Taarab ya kizamani, udi na fidla, mziki mzuri wenyewe. Majirani walijua tu kwetu kunapigwa mziki na wengine walikuwa wakisifu ati nyumba yenu haina kununa. Mimi ile sauti ikianza kupanda tu nishajua. Sa hii nikienda harusini wakafungulia zile spika kubwa mikono yaniwa baridi, masikio yaziba, miguu haisogei, watu wadhani naringa sitaki kucheza.

Sasa kuna mradi umekuja huku kwetu wa wanawake waliopitia dhuluma. Kila Alhamisi twakutana ukumbini, wanawake tupu, kuna dada kaunsela na mwenzake mpiga kinanda, wasema hii ni tiba ya muziki. Siku ya kwanza nilitaka kutoka mbio wallahi. Kinanda kilipoanza tu nikawa natetemeka. Yule dada aliona, hakuniuliza kitu mbele ya watu, akamwambia mwenzake apunguze halafu akaniwekea kayamba mapajani, akasema ukitaka litikise, usipotaka lishike tu, na wewe ndo utatwambia tuongeze ama tupunguze. Nikakaa nalo vile vile mpaka karibu tunamaliza, ndo nikalitikisa kidogooo, na wote wakashuka wakafuata la kwangu. Somo, mimi ndo nilokuwa naiendesha sauti ya chumba kizima! Usiku ule nililala usingizi wa kweli.

Baadaye tukaanza kutunga. Wa kwanza niloutunga wote ulikuwa ni kuomba msamaha, kwamba sikupika kwa wakati, nilijibu vibaya, nilienda kwa mamangu bila ruhusa. Nikawasomea. Mama mmoja mtu mzima wa Mtongwe akaniuliza tu, mwanangu, na yeye alofanya yake ubeti wake uko wapi? Nikakosa la kusema. Wiki ilofuata nikaja na huu:

Mlango nimeufunga, funguo ninazo mimi
Sasa hutanibananga, hunipigi tena ngumi

Tukautia kwenye mahadhi ya vugo, ile ngoma ya wanawake ya harusini, wenzangu wakapokea, vigelegele, nikalia lakini si kilio kile cha zamani.

Tatizo ni hili. Mradi wafanya shoo zile siku 16 za kupinga ukatili, wageni watakuja na kamera, na wamesema wimbo wangu ndo utafungua, tena kabla ya kuimba nisimulie kisa changu kidogo. Nikamwambia meneja nitafikiria, akasema usituangushe, wafadhili washaskia habari za huu wimbo, na wewe umefaidika na mradi. Kakangu kaskia kanijia juu, asema nitapeleka mambo ya chumbani TikTok ukoo mzima uaibike. Mama asema niache kabisa kwenda, nisali, kwani kuimba kwatibu nini, kama ni mgonjwa niende hospitali. Na yule dada kaunsela asema nimlete binti yangu kikundini manake aliskia yote, siku hizi mtu akipaza sauti tu ajifungia chooni. Kila mtu ananivuta kwake. Nifanyeje?

— Wa Likoni

SOMO ANAJIBU

Waaleikum salaam mwanangu, na pole, pole kwelikweli. Nianze na steji manake naona hiyo ndo yakukosesha raha: hulazimiki. Hata kama mabango yashachapishwa na jina la wimbo liko juu. Hata kama meneja atanuna. Ulikuja pale kutibiwa, hukuja kukopa, na hakuna mtu aloenda hospitali akafungwa bendeji halafu akaambiwa sasa panda jukwaani uwaonyeshe wafadhili kidonda. Neno lile la "umefaidika na mradi" limeniuma mimi nilosoma tu, sijui wewe uloambiwa usoni. Ushakaa miaka na mtu akikwambia vile alivokufanyia wema kwa hivo sasa tii. Mradi wa kuwasaidia wanawake haufai kuongea lugha hiyo hiyo, na ukipata nguvu mwambie meneja hivo, ama mwambie dada kaunsela amwambie.

Nataka uone tofauti ya ukumbini na kwenye steji. Kwenu sauti ya redio ilikuwa ni yake, aipandisha akitaka uumie na dunia isiskie. Siku ya kayamba ukapewa wewe. Hiyo ndo dawa yenyewe mwanangu, si kinanda. Yule dada anaijua kazi yake, alipokwambia ni wewe utakayesema tuongeze ama tupunguze alikuwa akurudishia kile kile ulichonyang'anywa. Sasa jiulize, kwenye hiyo shoo nani ameshika sauti? Nani kachagua siku, nani kachagua wimbo wa kufungua, nani kasema usimulie kisa? Kama jibu kila mahali si wewe, basi hiyo si tiba tena, ni sherehe yao na wewe ndo umekuwa mapambo.

Na mamako namuelewa vizuri, usimkasirikie. Auliza kuimba kutibu nini, ni swali la haki. Tiba ya muziki ni fani ya watu kusomea, Marekani vyuo vilianza kuifundisha tangu miaka ya 1940, vita vikuu vya pili vikiwa vimejaza hospitali zao askari waloharibika mwili na akili. Lakini hiyo unayofanyiwa wewe ina jina lake zaidi, tiba ya muziki ya kifeministi, na hapa naomba watu wasiruke kwa hilo neno manake haina maana ya kuchukia wanaume. Kuna mtaalamu wa Kanada anaitwa Sandra Curtis, alifanya kazi na wanawake walopigwa na waume na wapenzi wao, wakikaa pamoja kusikiliza nyimbo na kuzichambua, huu wimbo wasema mapenzi ni nini, nani ana nguvu humu, nani anaambiwa avumilie, halafu kila mtu atunga wake. Mwaka 2006 Susan Hadley akakusanya kitabu kizima cha wataalamu wakiandika juu ya njia hii. Tofauti yao na tiba nyingine ni kwamba hawakuanzi wewe kwa kuuliza una kasoro gani. Wanauliza ulifanyiwa nini, na ni nani na mafunzo gani yalokufanya uamini ni kosa lako.

Ndo maana nimesoma habari ya yule mama wa Mtongwe nikatulia kwanza. Hajasomea chochote labda, lakini swali lake ndo swali lenyewe la hii kazi yote. Wewe ulikuwa umetunga wimbo mzima na mtu alopiga hayumo! Umo wewe na chungu na ruhusa ya kwenda kwa mamako. Na hukuyatoa kichwani mwako yale, tumelishwa, hebu kumbuka nyimbo tunazoimbiwa tukiolewa, mtunze, mnyamazie, siri ya nyumba usiitoe, akija na hasira wewe kuwa maji. Sisemi zote mbaya, nyingine zina hekima yake, lakini msichana akiimbiwa hivo tangu mdogo akaja akapigwa, cha kwanza atafuta ni wapi hakunyamaza vizuri. Kuketi wanawake kumi mkaupekua wimbo mmoja mmoja kunafungua kitu ambacho kuambiwa na mtu "si makosa yako" hakukifungui, manake waliona wenyewe.

Kingine ambacho sitaki watu wakudanganye nacho ni kwamba hii ni mambo ya wazungu. Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarab wa Unguja, mtoto wa Fumba, mfinyanzi kwao, alienda Bombay 1928 kurekodi santuri, na katika nyimbo zake uko wa mwanamke mgeni alobakwa akauawa Unguja na muuaji akatoroka, wimbo mkali ule, hata kesi waitaja. Na hapa kwetu Mombasa bibi zetu walikuwa na vyama vyao vya lelemama, ngoma ya wanawake, wakishindana kwa nyimbo, na mtu alovuka mipaka akijua atatungiwa. Vugo lenyewe mlolitilia wimbo wako lilikuwa ni la wanawake kusema ya wanawake bila kuchungwa na mtu. Kwa hivo mkiketi Likoni mkatunga mwawafuata bibi zenu tu.

Kakako sasa. Aibu anayoiona ni ya kweli kwake lakini amempa mtu siye. Mwambie utafiti wa afya wa Kenya wa 2022 uliona asilimia 34 ya wanawake wa miaka 15 mpaka 49 wameshapigwa tangu wakiwa na miaka 15, yaani kila wanawake watatu kwenye matatu ya Likoni mmoja wao, kwa hivo kama ni aibu ya ukoo basi koo zote zinayo. Muulize pia pole pole, siku zile redio ikilia usiku yeye alidhani twacheza? Usimuulize kwa kugombana. Anaweza kuwa ana yake moyoni. Lakini kwenye jambo moja kakako hajakosea hata kidogo, nalo ni hiyo video. Ikishaingia kwenye simu za watu haitoki. Sheria ya kulinda data ya 2019 yasema lazima uridhie na kwamba waweza kuondoa ridhaa yako, sawa, na uitumie, lakini sheria haitaingia kwenye WhatsApp ya kila mtu ikafute. Huyo bwana ataiona. Wanafunzi wenzake binti yako wataiona, na yeye ana miaka 11, ndo kwanza aenda kuingia umri ambao watoto wachekana kwa kila kitu.

Kwa hivo mimi ningekuwa wewe mwaka huu singeimba mbele ya kamera. Hilo ni langu, wewe ndo utaamua. Kuna wanawake walosimama wakasema mbele za watu na ikawainua sana, siwezi kukataa, lakini walichagua siku yao, na wewe bado ukiskia spika mikono yawa baridi. Kama moyo wataka kuimba lakini kisa hutaki kusimulia, imba bila kisa, wimbo washasema. Kama wataka uskike lakini usionekane, kikundi kizima kiuimbe kama wimbo wa kikundi na jina lako lisitajwe. Ama ombeni siku ya wanawake peke yao, simu zibaki mlangoni. Ama sema hapana, nukta. Siku hizo 16 zinaanza tarehe 25 Novemba zinaisha tarehe 10 Desemba na kila mwaka zinarudi, hazitoroki. Lolote utakaloridhia liandikwe, lini, wapi, nani arekodi, itawekwa wapi, na kwamba waweza kubadilisha mawazo hata asubuhi ya shoo yenyewe. Maneno ya wimbo ni yako, sheria ya hakimiliki ya 2001 yamlinda aloyatunga, mradi hauwezi kuyachukua kama viti vya ukumbi.

Na jina lake huyo bwana usiliweke kwenye wimbo wa hadharani, hasa kama waweza kuja kutaka kesi. Akianza kukufuata ama kukutishia kwa sababu ya huu wimbo, ipo sheria ya 2015 ya kulinda watu na ukatili wa nyumbani, waenda mahakamani waomba amri ya ulinzi akatazwe kukukaribia, na mliachana ama hamjaachana yakuhusu. FIDA, chama cha mawakili wanawake, wana ofisi hapa Mombasa, wanawake wengi washasaidiwa nao na mambo kama haya.

Sasa mwili wako na hizo spika. Si kiburi, si jini, si udhaifu. Miaka yote ile mwili ulijifunza kwamba sauti ikipanda kinachofuata ni ngumi, na ulijifunza sawa, ndo ulokulinda. Saa hii haujapata habari kwamba mlango umefunga. Kuimba kwasaidia hapa kwa sababu ya wazi kabisa: ukiimba mstari mrefu lazima utoe pumzi taratibu, na pumzi ikitoka taratibu moyo nao washuka. Hata kuvumisha tu mdomo umefunga, mmmm, kifuani uiskie, ni kitu waweza kufanya kwenye kiti cha harusi na mtu asijue. Kaa karibu na mlango, mbali na spika, uende na mtu anayejua, ukiona mikono imeanza kuwa baridi toka mapema, usingoje miguu igande. Na mwambie dada kaunsela habari ya redio kama hujamwambia. Anaweza kukuwekea udi na fidla chini chini kabisa na kile kitufe ukishike wewe, upandishe ama uzime, siku unayotaka. Ama usitake kabisa! Huna deni la kuipenda taarab tena, kuna chakacha, kuna kaswida, kuna kimya.

Usichoke kujiangalia lakini. Kutetemeka kidogo na kulia kidogo ukitoka Alhamisi ni kawaida, ila ukiona wiki nzima hulali, ndoto zimerudi, waogopa Alhamisi ikifika, sema, mpunguze mwendo. Kikundi kizuri ni kile ambacho ukisema leo siimbi hakuna anayekuuliza kwa nini. Na hakuna ubaya kumuuliza yule dada kama amesajiliwa, kuna sheria ya washauri na wanasaikolojia ya 2014, mtu mzuri hakasiriki kuulizwa. Wataalamu wenye shahada ya tiba ya muziki huku kwetu ni wachache, kwa hivo kaunsela mzuri akishirikiana na mpiga kinanda si kitu kidogo, bora kila mmoja ajue mipaka yake.

Mamako mwambie hivi: sala siachi na Alhamisi siachi, na hospitali pia nitaenda, yote matatu. Hospitali ya Coast General hapa Mombasa wana kituo cha watu walodhulumiwa kijinsia, kuna washauri, na kama una maumivu ya zamani ya kupigwa, kichwa, masikio, mgongo, waonyeshe pia. (Na wewe mwingine unayesoma hapa ambaye yako ni ya jana ama juzi na ulilazimishwa kimwili, usingoje hata kuoga, nenda hospitali ndani ya saa 72 upate dawa za kuzuia ukimwi, wimbo utakungoja.)

Binti yako ndo nimemuwaza zaidi. Kwenye duara lenu asiingie, hapo sikubaliani na dada. Akija ataskia na yale alokuwa hayajui, na akikuona walia ataanza kukulea wewe. Watoto wanahitaji lao, la wasichana wa rika lake, la ngoma na michezo na kutunga vichekesho, ambapo si lazima mtu aseme neno lolote la nyumbani. Muulize yule dada kama waweza kuanzisha hilo, hapo mradi ungefanya kazi kubwa kuliko shoo. Kwa sasa umpe nyumbani kile ulichopewa wewe, redio ama simu ya mziki iwe mikononi mwake, yeye ndo anayepandisha na kushusha, na akisema zima, izimwe hapo hapo, hata kama wimbo ulikuwa watamu kwako. Chooni akijifungia usigonge kwa nguvu, kaa nje ya mlango umwambie niko hapa. Mwalimu mmoja wa shule unayemuamini ajue, asiwe wote.

Simu za bure: 1195 ni ya dhuluma za kijinsia, 116 ni ya watoto, usiku na mchana zote mbili. Ya 116 mfundishe aikariri mwenyewe.